Seva Isiyoweka Daftari

Tarehe 6 Septemba 1996, kampuni ya Panix ya mjini New York, Marekani, iliyokuwa ikiwaunganisha wateja na intaneti, ilianza kushambuliwa na adui asiyejulikana. Hakikuvunjwa kitu, wala haikuibwa siri yoyote. Ila kwa siku kadhaa wateja halali walibisha hodi wasijibiwe.

Yafaa kueleza kwanza jinsi kompyuta mbili zinavyoanza mazungumzo. Moja hutuma ombi. Ile itoayo huduma, yaani seva, hujibu kwa kutaja namba. Kisha ya kwanza huthibitisha kwa kurudisha namba hiyo ikiwa imeongezwa moja. Kabla ya uthibitisho kufika, seva hutunza ombi katika orodha, mfano wa karani wa nyumba ya wageni aandikaye daftarini majina ya walioagiza vyumba kwa barua. Mshambuliaji wa Panix alituma maombi mfululizo yenye anwani za uongo. Majibu yakaenda kusiko na mtu, uthibitisho usirudi, orodha ikajaa. Mitambo mingi ya wakati ule ilingoja sekunde 75 kabla ya kufuta ombi moja. Hivyo hata mwenye laini hafifu ya simu aliweza kuziba mlango wa kampuni nzima.

Kupanua daftari kulisaidia kidogo tu, kwani kubuni jina la uongo ni rahisi kuliko kuongeza kurasa. Mwezi uo huo Daniel J. Bernstein na Eric Schenk walibuni njia ya kuliacha daftari kabisa. Namba itajwayo na seva, yenye biti 32, si lazima iwe ya kubahatisha. Yaweza kukokotolewa kutokana na anwani za pande zote mbili, saa, na ufunguo wa siri ambao seva pekee huujua. Seva hujibu, kisha husahau. Namba irudipo, hukokotoa upya na kulinganisha. Mwenye anwani ya uongo hakulipata jibu, basi hana cha kurudisha.

Gharama ipo: biti 32 ni chache, na baadhi ya maelezo ya ombi hupotea. Ndiyo sababu Linux hutumia mbinu hii pale tu orodha inapofurika.

Wala si dawa ya kila shambulio. Tarehe 28 Februari 2018, GitHub, tovuti wanamohifadhi kazi zao waandishi wa programu, ilimiminiwa data kwa kasi iliyofikia biti trilioni 1.35 kwa sekunde. Hapo iliyojaa ni njia yenyewe, si daftari. Mkondo wote ukaelekezwa kwa kampuni ya Akamai, yenye njia pana na vituo vya kuchujia taka, na huduma ikarejea kabla ya dakika 10 kwisha.