Hisa na Pesa ya Karo

Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliuzia umma robo ya kampuni ya simu ya Safaricom, shilingi 5 kila hisa. Wapo waliokopa benki wakitaraji faida ya chapuchapu; bei ikashuka chini ya 3 kabla mwaka haujazunguka, na waliodaiwa wakauza kwa hasara. Mwaka 2021 hisa hiyo hiyo ilivuka 40. Utasema kununua hisa ni kamari. Lakini mcheza kamari hamiliki kitu, ilhali mwenye hisa ana kipande cha biashara na hupata gawio kampuni ikigawa faida. Hoja nzito dhidi ya hisa ni kwamba bei huporomoka: mwaka 2023 ile ya Safaricom ilirudi chini ya 15. Ndiyo maana aliyekopa huumia, si kwa ujinga bali kwa kukosa muda. Kwa hiyo pesa ya karo, ambayo utaihitaji karibuni, iweke kwenye dhamana za serikali zinazolipwa baada ya siku 91.