Mitishamba: Nani Tabibu, Nani Msanii?

Ukikatiza Mwanjelwa pale Mbeya, au ukizunguka jirani na Soko Kuu la Iringa, huwezi kuwakosa. Mizizi imefungwa mafungu mafungu, unga wa kahawia umejazwa kwenye vikopo, na juu yake kibao cha bati: kisukari, presha, vidonda vya tumbo, uzazi, nguvu za kiume, kumrudisha mpenzi, kushinda kesi. Yote hayo kwa mtu mmoja! Mtaa wa pili kuna ofisi yenye vigae na pazia zuri, kijana kavaa koti jeupe, ana kimashine cha kushika mkononi ambacho eti kinapima mwili mzima kwa dakika moja. Huyo naye atakuambia tiba yake ni ya asili.

Sasa wewe na mwenzi wako mna tatizo. Mmoja anataka hospitali, mwingine kashaelekezwa na shangazi yake kwa mtaalamu fulani huko Tukuyu. Mnabishana mpaka chakula kinapoa. Kabla hamjanuniana, hebu tujue kwanza hawa watu ni akina nani.

Asili siyo mbadala

Sheria ya nchi yetu inawagawa. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ndiyo iliyounda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kwa lugha nyepesi, tiba asili ni ile tuliyoirithi hapa hapa kwa bibi na babu: mizizi, magome, majani, wakunga wa jadi, waunga mifupa. Tiba mbadala ni ile iliyokuja na wageni: sindano za Kichina, tiba za Kihindi, homiopathia, na hii inayoitwa naturopathi.

Naturopathi ilianzia Ulaya. Padri mmoja wa Ujerumani, Sebastian Kneipp, aliugua kifua kikuu akiwa kijana, akawa anajitosa kwenye maji baridi ya mto Danube. Akapona, akaanza kuwatibu wengine kwa maji, mitishamba, chakula cha kawaida na mazoezi. Mjerumani mwingine, Benedict Lust, akaipeleka Marekani na kuifungulia shule New York mwanzoni mwa miaka ya 1900. Imani yao ni kwamba mwili unajua kujiponya ukiondolewa vinavyouzuia, kwa hiyo tafuta chanzo cha ugonjwa, usikimbilie kuzima dalili.

Mtu aliyesomea fani hii kweli kweli haanzi na dawa. Anaanza na maswali, tena mengi. Unalala saa ngapi? Unakula nini? Choo kikoje? Kazini mnaelewana na bosi? Nyumbani je? Unaweza kukaa naye saa nzima, wakati hospitalini foleni ni ndefu na daktari ana dakika chache tu za kukusikiliza. Nadhani hapo ndipo siri ya wateja wake ilipo, kabla hata hujafika kwenye majani. Baadaye ndiyo anakupangia chakula, mazoezi, mapumziko, labda na mitishamba. Ushauri wake mwingi hata daktari wa hospitali hawezi kuupinga: punguza chumvi, sukari na pombe (ndiyo, na ulanzi pia), tembea, lala.

Utata unaanza pale anapodai kutibu kila kitu. Katika baadhi ya majimbo ya Marekani lazima usome miaka minne baada ya shahada ndipo upewe leseni. Sehemu nyingine nyingi duniani mtu yeyote anaweza kujipa jina hilo baada ya kozi ya wiki chache.

Mganga wa Iringa aliyeandikwa Marekani

Msidhani utaalamu wa kusikiliza uliletwa na Wazungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mwanaanthropolojia wa Marekani, Robert Edgerton, alifanya utafiti Uheheni. Mwaka 1971 akachapisha makala kuhusu mganga wa Kihehe aliyekuwa akitibu wagonjwa wa akili karibu na mji wa Iringa. Mganga yule aliamini uchawi na alipiga ramli kama wenzake. Lakini kilichomshangaza Edgerton ni jinsi alivyotegemea dawa za mimea, akiangalia ipi inafanya kazi na ipi haifanyi. Alimwita tabibu wa akili wa Kiafrika, na makala yale yalisomwa sana na wataalamu wa fani hiyo.

Na mimea yenyewe siyo ya kubeza. Pareto, yale maua meupe yanayolimwa Mbeya, Iringa na Njombe, husindikwa kiwandani Mafinga, na sumu yake inaua wadudu bila ubishi. Dawa mseto ya malaria msingi wake ni mmea uliotumika China kwa karne nyingi, na Tu Youyou aliyeongoza utafiti wake alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Muhimbili nako wamekuwa wakichunguza dawa zetu tangu mwaka 1974, kitengo kilichokuja kuwa Taasisi ya Dawa Asilia.

Ila ona tofauti. Mmea ule wa China ulichambuliwa, kiini kikatolewa, kipimo kikajulikana, wagonjwa wakajaribiwa na kufuatiliwa. Ule unga wa kahawia sokoni nani kaupima? Kijiko kimoja cha leo na cha kesho vina nguvu sawa? Muuzaji mwenyewe hajui.

Yanayowahusu wawili

Tuanze na hili la nguvu za kiume, maana ndilo limejaa kwenye kuta za mjini. Maabara za nchi mbalimbali zimeshakuta dawa za "mitishamba" za aina hii zimechanganywa kimya kimya na sildenafil, ile dawa iliyomo kwenye Viagra. Ndiyo maana inafanya kazi usiku huo huo, mshikaji anasifia. Mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za jamii ya nitrati akiinywa, presha inaweza kuporomoka ghafla, akafa. Na jambo hilo kushindikana mara kwa mara linaweza kuwa dalili ya kisukari au mishipa ya damu kuziba. Kapime sukari kwanza, bwana.

Uzazi je? Mara nyingi mke ndiye anayezungushwa kwa waganga, ananyweshwa machungu ya kila rangi, mume kakaa pembeni anasubiri mtoto. Wakati upande wa mwanaume huchangia karibu nusu ya matatizo ya kukosa mtoto. Nendeni wote wawili mkapime. Na mjamzito asipewe dawa ya "kuongeza uchungu" ya kienyeji, hata kama mama mkwe ameileta kwa upendo. Mji wa mimba unaweza kupasuka.

Halafu kuna hili zito. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2022–2023 uliikuta Njombe na asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6 ya watu wazima wenye maambukizi, wakati wastani wa taifa ni 4.4. Kwa hiyo swali la kuacha ARV kwa ajili ya kikombe lipo kwenye nyumba zetu. Mwaka 2011 maelfu walimiminika kijijini Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, kikombe kwa shilingi 500, na wapo walioacha vidonge vyao. Mchungaji alifariki mwaka 2021. Virusi havikusubiri.

Hata kama huachi vidonge, kuchanganya nako kuna mambo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2002 ulionyesha vidonge vya kitunguu saumu vilipunguza kwa takriban nusu kiwango cha ARV moja, saquinavir, kwenye damu. Kitunguu saumu tu, kile tunachokiona cha jikoni! Hivyo daktari akiuliza unatumia nini kingine, sema. Wengi wanaficha wakiogopa kufokewa. Na kama mwenzi wako anatumia kitu kwa siri, muulize kwa upole.

Mkiamua kwenda kwa tabibu wa asili, ombeni cheti chake cha usajili kutoka Baraza. Dawa nayo ina usajili wake, tofauti na wa mtu. Kila halmashauri ina mratibu wa tiba asili, ulizeni ofisi ya mganga mkuu wa wilaya au wa mji. Tabibu mzuri atawaambia pia ni ugonjwa gani haujui, na atawaandikia muende hospitali. Akianza kuwatajia jirani au ndugu aliyewaroga, shikeni mikono mtoke. Wapiga ramli chonganishi serikali iliwapiga marufuku Januari 2015, baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, na Njombe mwaka 2019 tulizika watoto.