"Watu Wote": Sarufi ya Umoja katika Filamu ya Taharuki

Filamu ya taharuki humshika mtazamaji kwa kumfanya angoje jambo analoliogopa. Aghalabu taharuki hiyo hujengwa kwa silaha, kwa giza, au kwa mlango unaofunguka polepole. Katika filamu fupi iitwayo Watu Wote, iliyotolewa mwaka 2017, silaha zimo, lakini swali linalomkaza mtazamaji ni la lugha: ni nani ataingizwa katika neno "sisi", na ni nani ataachwa nje yake?

Filamu hiyo ya dakika 22 iliongozwa na Katja Benrath, aliyekuwa mwanafunzi wa Hamburg Media School nchini Ujerumani. Ilitengenezwa nchini Kenya kwa lugha za Kiswahili na Kisomali, na mwaka 2018 iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar katika kundi la filamu fupi. Mhusika wake mkuu ni Jua, mwanamke Mkristo anayesafiri kwa basi pamoja na Waislamu ambao moyo wake hauwaamini.

Kisa chenyewe kilitokea. Tarehe 21 Desemba 2015, basi lililokuwa likitoka Nairobi kwenda Mandera lilishambuliwa na al-Shabaab karibu na El Wak. Washambuliaji waliwataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Maana ya kutengwa ilijulikana: tarehe 22 Novemba 2014 abiria 28 wa basi lililotoka Mandera waliuawa baada ya kubaguliwa hivyo hivyo, na tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa. Hata hivyo, abiria Waislamu walikataa. Baadhi ya wanawake waliwapa wenzao Wakristo nguo za kujistiri kichwa, na washambuliaji wakaambiwa ama wawaue abiria pamoja, ama wawaache pamoja.

Hapa sarufi yafaa kutazamwa kwa makini. Katika Kiswahili, mzizi -ote hufuata nafsi: sisi sote, ninyi nyote, wao wote. Asemaye "sote" amejiingiza katika jambo. Asemaye "nyote" amejitoa. Lakini "sisi" ya Kiswahili haielezi kama anayeambiwa yumo ama hayumo. Kisomali hakiachi jambo hilo gizani: innaga ni sisi pamoja nawe unayeambiwa, na annaga ni sisi bila wewe. Chukulia mfano wa msafiri Msomali. Akizungumza na jirani yake kitini kuhusu abiria, atasema innaga. Akigeuka kumjibu mwenye bunduki kuhusu abiria wale wale, atasema annaga. Watu hawakubadilika, aliyebadilika ni anayeambiwa.

Tofauti hiyo yaonyesha kilichogombewa siku ile. Washambuliaji walitaka mpaka wa "sisi" upite katikati ya abiria kwa kufuata dini, ili wao wenyewe wawe upande mmoja na Waislamu. Abiria waliuhamisha mpaka huo. Mkristo alibaki ndani, na mwenye bunduki, ijapokuwa alidai dini moja nao na huenda alisema lugha yao, akawa nje.

Jina la filamu nalo lina fundisho. Kwa Kiingereza inaitwa pia All of Us, yaani "sisi sote", ilhali jina la Kiswahili ni "watu wote". Majina hayo mawili si tafsiri kamili ya moja kwa jingine. Huenda wengine wakasema kuwa tofauti hiyo ni ndogo. Lakini msikilizaji wa Kiswahili huisikia mara moja. "Sisi sote" ni kauli ya waliokuwamo ndani ya basi, na ni wao tu wenye haki ya kuitamka. "Watu wote" haina nafsi ya msemaji. Humfikia hata mtazamaji aliyeketi salama mbali na El Wak, ikamwuliza angesimama upande gani.

Mwalimu Salah Farah, Mwislamu aliyekuwa katika basi lile, alipigwa risasi kwa kukataa kutengana na wenzake. Alifariki mwezi Januari 2016. Filamu imempa nafasi yake. Na neno dogo -ote, ambalo wanafunzi hulipita haraka katika jedwali la ngeli, limebeba aliyoyatetea.