Msumeno unaojizuia usikate kidole: je, unastahili bei yake?

Kufumba na kufumbua kunatosha seremala kupoteza kidole. Nchini Marekani, misumeno ya umeme ya mezani huwajeruhi na kuwafikisha hospitalini watu wapatao 30,000 kila mwaka.

Ni huko ambako Stephen Gass, mwanafizikia na mwanasheria, alibuni mwaka 1999 kifaa kinachoitwa SawStop. Umeme kidogo sana hupitishwa kwenye diski ya msumeno. Mbao kavu hazipitishi umeme vizuri, lakini mwili wa mtu huupitisha. Ngozi ikigusa meno, springi husukuma kipande cha aluminiamu na kuibana diski. Inasimama kwa takriban milisekunde 5, kisha inazama chini ya meza. Mara nyingi fundi hubaki na mkwaruzo tu.

Lakini kinga hiyo ina gharama. Msumeno wa kawaida wa kubebeka hupatikana kwa dola mia chache. Wenye kifaa hicho hukaribia dola 1,000 au kupita. Breki ikifanya kazi mara moja, haitumiki tena: nyingine ni karibu dola 100, na diski nayo huharibika.

Tena, breki hukosea. Mbao mbichi, au chuma kinachogusa diski, vinaweza kuifyatua bila mtu kuguswa. Mtu anaweza kuizima kwa muda ili akate mbao za aina hiyo, ila wakati huo vidole havina ulinzi. Wala haizuii ubao kurushwa nyuma kumpiga fundi.

Kwa mafundi wa Goma, Butembo au Bunia, ambako mbao hufika kwenye atelie nyingi zikiwa bado mbichi, hilo si jambo dogo. Breki ikifyatuka bure, kazi inasimama hadi vipuri viagizwe kutoka mbali.

Hata hivyo, kukosa dola 1,000 si sababu ya kufanya kazi bila kinga. Kifuniko cha diski, kisu kinachosimama nyuma yake ili ubao usiibane, na kijiti cha kusukumia mbao, ambacho fundi anaweza kujichongea kwa kipande kilichobaki, vinapunguza hatari. Shida ni kwamba mara nyingi kifuniko hung'olewa ili kazi iende haraka, na hakirudishwi tena.

Breki inaweza kununuliwa upya. Kidole hakina kipuri.