Magari ya Nguvu ya Marekani, Sehemu ya Tatu: Sampu Kubwa katika Camaro ya 1969

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulieleza jinsi wahandisi wa Pontiac, mwaka 1964, walivyoichukua injini ya inchi za ujazo 389, ambayo mahali pake palikuwa katika magari makubwa ya fahari, wakaitia katika gari la kadiri liitwalo Tempest LeMans, wakalipa jina la GTO, na jinsi makampuni mengine ya Marekani yalivyowafuata mbio kwa kuchelea kuachwa nyuma. Tulitaja nguvu za farasi, tukataja kabureta na gia, mambo ambayo kila mpenzi wa magari haya huyazungumza kwa furaha. Leo nawaomba wasomaji tuiname pamoja tutazame chini ya injini, penye chombo cha bati kisichosifiwa na mtu, nacho ni sampu ya oili. Kwani si injini chache za zama zile zilizoangamia, si kwa uzee wala kwa ubovu wa petroli, bali kwa sababu oili ilikuwamo ndani yake na haikuwa mahali ilipotakiwa.

Na ili maneno yetu yasielee hewani, tuchukue gari moja maalumu: Chevrolet Camaro ya 1969, aina ya SS, yenye injini ya silinda nane ya inchi za ujazo 350, yaani lita 5.7, ambayo kiwanda kiliitangaza kuwa na nguvu za farasi 300. Camaro za miaka hiyo ziliundwa Norwood katika jimbo la Ohio na Van Nuys katika California, na zilizosalia zinatunzwa kwa mapenzi makubwa na watu wanaoziendesha, baadhi yao kwa matembezi ya jioni, wengine katika mashindano ya robo maili, na wengine katika viwanja vya mbio vyenye kona za kulia na kushoto, mfano wa vile ambamo Mark Donohue, akiendesha Camaro ya Roger Penske, aliisaidia Chevrolet kutwaa ubingwa wa Trans-Am mwaka 1968 na tena mwaka 1969. Sampu iliyotoka nayo kiwandani huchukua oili kiasi cha lita 3.8, na filta ikijaa jumla huwa lita 4.7. Kwa mwenye kwenda taratibu kiasi hicho chatosha kabisa, wala simshauri kutoa fedha zake kununua sampu nyingine. Maneno yangu ni kwa yule anayeikanyaga injini mpaka mwisho, kisha akafunga breki kwa nguvu, kisha akaingia kona.

Pampu ya oili katika injini hii imefungwa kwenye kifuniko cha meni beringi ya nyuma, nayo huzungushwa kutoka kwenye distribyuta kwa nusu ya mwendo wa kranki. Huvuta oili kwa mdomo wenye wavu uliokaa karibu na sakafu ya sampu, huisukuma kupitia filta, kisha katika vijia vilivyotobolewa ndani ya bloku, hata ikafika kwenye meni beringi na bigendi, ambako kranki huzunguka juu ya utando wa oili uliojaa katika nafasi isiyozidi sana sehemu 5 za mia za milimita moja. Madhali utando huo haujakatika, chuma hakigusani na chuma. Lakini ukikatika kwa kitambo kidogo tu, ilhali kranki yazunguka mara 5,500 kwa dakika, yaani zaidi ya mara 90 kila sekunde, madini laini ya beringi hupata moto, hulainika na kuchubuka, na sauti ya kugonga itakayosikika baadaye haitaondoka ila kwa kuifungua injini yote. Zaidi ya hayo, injini inapozunguka kwa kasi, oili nyingi hupanda juu kwenye roka na kukusanyika chini ya makava ya vali, nayo hurudi chini polepole kuliko inavyopandishwa. Hivyo katika wakati ule ule ambapo haja ni kubwa, sampu ndipo inapopungukiwa.

Hapo ndipo watu wengi hukata shauri kwamba dawa ni kuongeza lita, na kwa kweli lita zina faida yake, kwa kuwa ni akiba. Lakini wingi peke yake hautoshi. Gari likisimama, uso wa oili hulala sawasawa. Likifunga breki, oili yote hukimbilia mbele. Aliyesafiri kwa jahazi ameona maji ya ngama yanavyokimbilia upande mmoja chombo kinapolala kwa upepo, na mfua maji akabaki na upo wake mahali pakavu. Ndivyo ulivyo mdomo wa pampu katika saa hiyo. Gari likipunguza mwendo kwa nguvu iliyo sawa na mvuto wa ardhi, uso wa oili huinama nyuzi 45, na kwa nguvu ya sehemu saba katika kumi za mvuto huo huinama nyuzi 35. Shimo la sampu ya Camaro liko nyuma. Tuseme urefu wake ni sentimeta 25: kwa breki za namna hiyo tofauti ya kimo cha oili baina ya ncha ya mbele na ya nyuma ingetaka kuwa sentimeta 17 na zaidi, ilhali oili yenyewe imelala kwa kina cha sentimeta 7 au 8 tu. Haina pa kukaa. Hupanda ukuta wa mbele, humwagika katika sehemu ya sampu iliyo na kina kifupi, na mdomo hubaki ukivuta hewa. Mwenye mashindano ya robo maili na ajue, basi, kwamba hatari yake kubwa haiko pale anapoondoka, maana mwondoko huisukuma oili nyuma ulipo mdomo, bali iko mwisho wa njia, anapokamata breki na injini bado ina kasi.

Kuna na adui wa pili, naye ni povu. Kranki yenye kasi huipiga oili iliyo karibu nayo, ikaitawanya na kuichanganya na hewa, na oili yenye hewa hubonyea. Tapeti za oili hupoteza ugumu wake zikaanza kulia, na utando wa beringi hudhoofika hata kama mshale wa presha waonyesha namba njema.

Kwa sababu hizo mbili, sampu iliyo bora ni ile iliyotengenezwa ndani kwa akili, na ukubwa wake ni jambo la pili. Ndani yake mna viambaza vya bati vilivyosimama pande zote za mdomo, na katika viambaza hivyo vimo vilango vyenye bawaba vinavyoruhusu oili kuingia na kuizuia kutoka: gari likifunga breki vilango hujifunga, na mdomo hubaki umezama. Juu yake, chini ya kranki, hulazwa bamba la kinga, ambalo hushikwa na bolti za vifuniko vya meni beringi, ili oili iliyokwisha kudondoka isirushwe tena. Mtu akiniuliza achague ipi baina ya sampu ya lita nane iliyo tupu ndani na ya lita sita yenye viambaza na vilango, nitamwambia bila kusita achukue ya lita sita.

Ama kuhusu njia ya kupata nafasi ya oili zaidi, ziko mbili: kuongeza kina, au kuongeza mbawa za ubavuni. Kina huiweka oili mbali na kranki, jambo lililo jema, lakini huiteremsha sampu karibu na ardhi, na Camaro ni gari fupi. Tuta moja la barabarani laweza kuipasua. Mbawa huepusha balaa hiyo, lakini huweza kugombana na stata na mabomba ya moshi. Na katika Camaro za 1967 hadi 1969 kuna jambo la pekee, nalo ni kwamba fimbo ya stelingi imepita nyuma ya ekseli ya mbele, chini kabisa ya ile sehemu fupi ya sampu. Baada ya kufunga ni wajibu kuzungusha usukani kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia, injini ikiwa imekaa kwa uzito wake kwenye mauntingi, na kutazama kwa taa kama hapana panapogusa. Mnunuzi aangalie pia mwaka wa bloku yake: bloku za zamani hizi zina stiki ya oili upande wa kushoto, na sampu zake hadi 1974 hutumia mpira mwembamba mbele, ilhali za 1975 na kuendelea hutaka mpira mnene. Sampu ya mwaka usiokuwa wake itavuja, hata uikaze namna gani.

Kuitoa ya zamani ni kazi ya subira zaidi kuliko ya maarifa. Oili humwagwa, stata hufunguliwa pamoja na kifuniko cha chini ya flaiwili, kifuniko cha distribyuta huondolewa kisije kikabanwa ukutani, kisha bolti ndefu za mauntingi hutolewa na injini kuinuliwa kidogo kwa winchi na kukingwa kwa vipande vya mbao, huku mtu akiangalia feni isikwaruze rejeta. Kranki izungushwe mpaka alama iliyo kwenye puli ya mbele ielekee chini, kwa kuwa hapo uzito wake wa mbele huwa juu na sampu hupata njia ya kupita.

Sasa twafika kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha kazi yote, na ambalo aghalabu hupuuzwa. Sampu mpya ina kina zaidi. Mdomo wa zamani ulipimwa kwa sampu ya zamani. Ukiuacha kama ulivyo, utaning'inia juu, na zile lita ulizozinunua zitalala chini yake kama amana isiyotolewa. Wala usiamini kwamba mdomo mpya ulionunuliwa pamoja na sampu umekwisha kupimwa. Chukua kidonge cha udongo laini wa kuchezea watoto, kibandike juu ya mdomo, kipake oili kidogo kisigandamane na bati, weka gasketi kavu, pandisha sampu na uikaze kwa bolti chache, kisha uishushe. Kidonge kitakuwa kimebanwa bapa. Kikate kwa kisu chembamba na upime unene wake: ukipata kati ya milimita 6 na 10, shukuru. Chini ya hapo pampu itasongwa, na juu ya hapo itaonja hewa mapema. Na kwa kuwa bomba la mdomo huu limeshindiliwa tu katika pampu bila ya skrubu, mtetemo waweza kulichomoa. Fundi mwangalifu huligusa kwa welding mahali padogo, akiisha kutoa springi ya vali ya presha ili moto usiiharibu.

Gasketi haitaki nguvu. Kingo za sampu huwa zimebonyea kwenye matundu ya bolti kwa mikono ya waliotangulia, nazo hunyoshwa kwa nyundo juu ya chuma bapa. Silikoni hutiwa katika pembe nne tu, palipo na viungo, na kwa uchache, maana inayozidi hukatika ndani ikaenda kuziba wavu wa mdomo. Bolti ndogo hukazwa kiasi cha niutoni mita 9, na zile nene za pembeni kiasi cha 19.

Wengine hufuatanisha sampu kubwa na pampu kubwa. Mimi sioni haja ikiwa nafasi za beringi ni za kawaida, kwani pampu hiyo huimaliza sampu upesi zaidi na kupandisha juu oili ile ile tuliyotaka ibaki chini. Tena oili nyingi hukawia kupata moto, na oili isiyopata moto haitoi maji na petroli iliyoingia ndani yake; mwenye gari asilizime baada ya safari ya dakika tano.

Alama za stiki ya zamani sasa ni za uwongo. Mimina kiasi alichokitaja mtengenezaji wa sampu, izungushe pampu kwa drili kupitia tundu la distribyuta mpaka presha ipande, rudisha distribyuta, washa injini, zima, ongeza kiasi kilichonywewa na filta, ngoja oili iteremke, kisha kata alama mpya kwa tupa. Camaro nyingi za mwaka huo zilitoka na taa ya hatari tu. Funga geji ya kweli yenye mshale. Mafundi hutaka ratili 10 kwa inchi mraba kwa kila mizunguko elfu ya kranki. Halafu tafuta barabara tupu, oili ikiwa moto, kamata breki kwa nguvu na mwenzako autazame mshale. Ukianguka hata kidogo kupita vile unavyoshuka injini inapopunguza mizunguko, mdomo unavuta hewa, na sampu haina budi kushushwa tena ipimwe upya.

(Itaendelea)