Tuwakinge Sungura na Unyevu Wakati wa Baridi



Katika nyanda za juu za kusini, kama vile Njombe na Makete, miezi ya Juni, Julai na Agosti ni miezi ya baridi kali. Asubuhi nyingine umande huganda juu ya majani. Watoto wengi huko wanafuga sungura. Wengine huwafuga kwa ajili ya nyama. Wengine huwapenda tu na kuwapa majina. Baridi inapoanza, watu huja zahanatini kuniuliza dawa ya sungura. Mimi ni mganga wa watu, lakini huwa nawajibu. Nitaeleza kwa nini.

Mwaka mmoja, mwezi wa Julai, niliitwa alfajiri katika nyumba moja. Usiku ule baridi ilikuwa kali sana. Watoto wawili walimwonea huruma sungura wao aliyezaa. Wakamwingiza ndani pamoja na vitoto vyake, katika chumba wanacholala. Mama yao akaleta jiko la mkaa ili wote wapate joto. Dirisha wakaliziba kwa gunia. Alfajiri mama alipowaamsha, mtoto wa kwanza alilia kwamba kichwa kinamuuma, kisha akatapika. Wa pili hakuamka hata alipotikiswa. Sungura wote walikuwa wamekufa.

Mama yule alifanya jambo la maana. Alifungua mlango, akawabeba watoto wote wawili mpaka nje. Yule wa pili tulimpeleka hospitali, akapona. Baba yao aliniambia, "Daktari, mkaa ule ulikuwa umeshika vizuri. Haukuwa na moshi hata kidogo."

Alisema kweli, na hapo ndipo penye hatari. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haionekani wala hainuki. Chumba kikiwa kimefungwa, hewa hiyo hujaa. Mtu akiivuta huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni, ile hewa ambayo mwili unaihitaji. Kichwa huuma, mwili hulegea, usingizi huja. Mtu anaweza kufa akiwa amelala. Watoto na wanyama wadogo hupumua upesi kuliko mtu mzima, kwa hiyo hudhurika mapema. Usiweke jiko la mkaa katika chumba cha kulala, iwe kwa ajili ya watu au ya sungura. Ukimkuta mtu amelegea katika chumba chenye jiko, mtoe nje kwanza. Kisha mpeleke zahanati au hospitali, hata kama ameanza kupata nafuu.

Kinachonisikitisha ni kwamba sungura wale hawakuhitaji moto.

SUNGURA ANA BLANKETI LAKE

Joto la mwili wa mtu ni digrii 37 hivi. La sungura ni karibu digrii 39. Manyoya yake mazito hulizuia joto hilo lisitoke. Sungura mkubwa mwenye afya huvumilia baridi kuliko anavyovumilia jua kali. Lakini manyoya yakilowa hayashiki joto tena. Blanketi lililolowa halimfai mtu, na sungura ni vivyo hivyo. Upepo ukipita juu ya manyoya yaliyolowa, joto lote huondoka. Kwa hiyo kazi ya mfugaji ni kuzuia maji na upepo.

Jenga banda juu ya miguu, kimo cha mita moja hivi kutoka chini. Unyevu wa ardhi hautafika, na mbwa hatafika kwa urahisi. Kila mguu usimamishe ndani ya kopo lenye oili chafu kuzuia siafu. Sungura mmoja mkubwa anatosha katika nafasi ya futi 3 kwa futi 2. Sakafu iwe ya mianzi iliyopasuliwa, yenye nafasi ndogo kati yake, ili mkojo na kinyesi vianguke chini. Nafasi zisizidi upana wa kidole, maana mguu wa sungura ukinasa huvunjika. Kona moja weka kipande cha ubao mkavu apate pa kulala.

Paa la nyasi ni zuri kuliko bati. Usiku wa baridi bati hutoa jasho kwa ndani, na matone humwangukia sungura. Kama una bati tu, weka nyasi chini yake. Paa litokeze mbele kiasi cha futi moja na nusu, mvua ya upepo isiingie.

Katika miezi hiyo upepo mwingi hutoka kusini-mashariki. Upande huo ziba kabisa kwa mbao au udongo. Upande wa wavu uelekee kaskazini. Mwezi wa Juni, sisi tulio kusini ya ikweta huliona jua limeegemea kaskazini, hivyo banda litapata jua. Usiku shusha gunia mbele ya wavu, lakini acha nafasi juu hewa ipite. Usilizibe banda pande zote. Mkojo wa sungura hutoa hewa kali inayochoma pua na mapafu. Jaribu hivi: asubuhi ingiza kichwa chako bandani. Kama macho yako yanawasha, huyo aliyelala humo amechomwa usiku kucha.

Ondoa kinyesi kila siku. Kuna ugonjwa wa kuhara unaowaua sana sungura wadogo. Vijidudu vyake hutoka na kinyesi, na vikipata unyevu huiva baada ya siku moja au mbili, vikawa tayari kumwambukiza mwingine. Ukifagia kila asubuhi umeviwahi.

VITOTO

Hawa ndio wanaokufa kwa baridi. Huzaliwa bila manyoya na macho yamefumba. Mimba ya sungura ni siku 30 hivi, mpaka 32. Siku ya 27 mwekee sanduku lenye nyasi kavu laini. Mama atanyonyoa manyoya ya kifuani mwake na kutandika. Usiyatupe kwa kudhani ni uchafu. Macho ya vitoto hufumbuka siku ya 10 au zaidi kidogo.

Watu wengi hufikiri mama amewatupa, kwa sababu hawamwoni akinyonyesha. Yeye hunyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, tena kwa dakika chache. Tazama matumbo ya vitoto. Yakiwa yamejaa, mwache mama yao. Ukimkuta mmoja nje ya kiota amepoa, mpashe joto ndani ya viganja vyako, kisha mrudishe kwa wenzake.

Majani yenye umande yaanike kwanza yanyauke. Majani yaliyolowa na kuoza huwavimbisha matumbo. Katika baridi ongeza chakula kidogo, maana chakula ndicho kuni za mwili.

MIKONO NA NGOZI

Mtoto akishashika sungura au kufagia banda, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Sungura asilale kitandani na watoto. Sungura aliyekufa kwa ugonjwa asiliwe. Azikwe mbali na kisima.

Sungura akipata magaga puani, masikioni au miguuni, ana ukurutu. Mwonyeshe bwana mifugo. Ukurutu wa aina hiyo unaweza kumwasha anayemshika, ingawa upele mwingi ninaouona zahanatini huletwa na mtu kwa mtu, si na sungura. Mtoto akiwashwa, mlete tumtazame. Usimpake dawa ya kuogeshea ng'ombe, wala oili ya gari. Wako waliofanya hivyo, na nilichotibu mimi kikawa ngozi iliyoungua.