Programu ya Ofisi Nyumbani: Ya Ada ya Kila Mwaka au ya Bure?

Familia ya Kiringye, kijiji cha Tambarare ya Ruzizi mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ikishapata kompyuta, mara nyingi ya mtumba, haichukui muda kuuliza ni programu gani itatumika kuandika barua, kupanga hesabu za duka na kuandaa TFC, yaani kazi ya kumaliza masomo, ya kijana aliye chuoni. Njia zinazotajwa ni mbili: kulipia Microsoft 365 kwa mwezi au kwa mwaka, au kutumia programu ya bure, na katika kundi hilo iliyokomaa zaidi ni LibreOffice. Wanaozilinganisha huhesabu vitufe: ipi ina vingi, ipi ina sura nzuri, ipi inajulikana na wengi. Kwa maoni yangu kipimo hicho hakitufai. Katika Tambarare ya Ruzizi, ambako umeme, mtandao na huduma za benki huweza kukatika bila taarifa, la kuuliza kwanza ni hili: siku malipo hayawezekani na mtandao haupo, programu itaendelea kukutumikia? Tukipima hivyo, programu ya bure iliyowekwa ndani ya kompyuta ndiyo inayozifaa nyumba nyingi, na ile ya ada imfae mtu ambaye kazi yake inaidai.

Tuanze na bei. Nchini Marekani, ada ya Microsoft 365 ya mtu mmoja ilikuwa dola 69.99 kwa mwaka hadi Januari 2025, ilipopandishwa kuwa dola 99.99. Ile ya familia, inayotumiwa na watu hadi 6, ilitoka dola 99.99 ikafika 129.99. Nyongeza hiyo ilikuja pamoja na Copilot, msaidizi wa akili bandia. Waliokuwa wateja tayari waliweza kubaki kwenye bei ya zamani kwa kuchagua mpango usio na Copilot, lakini Oktoba 2025 tume ya ushindani na ulinzi wa walaji ya Australia iliishtaki Microsoft, ikidai kwamba wateja hawakuelezwa wazi kuhusu njia hiyo. Kwa Kongo, Benki ya Dunia imekadiria kwamba zaidi ya watu 7 kati ya 10 wanaishi kwa chini ya dola 2.15 kwa siku. Kwa kipimo hicho, ada ya mtu mmoja inameza matumizi ya siku 46. Ni kweli kwamba mwenye kompyuta kwa kawaida ana uwezo kupita hapo. Hata hivyo dola mia kila mwaka, katika nyumba inayolipa karo ya sekondari na dawa, si fedha ya kutoa bila kufikiri. Na dola zenyewe zikipatikana, huduma hizi kwa kawaida hulipiwa kwa kadi ya benki, wakati fedha za watu wengi huku zimo kwenye simu au mfukoni.

Hata hivyo bei si tatizo kubwa kuliko yote. Tatizo kubwa ni masharti. Microsoft 365 huwekwa ndani ya kompyuta na hufanya kazi bila mtandao, lakini inatakiwa kuunganishwa na intaneti karibu kila mwezi ili ihakikishe kwamba akaunti bado imelipiwa. Isipofanya hivyo, au ada ikikoma, utaweza kufungua na kuchapisha maandishi yako, lakini hutaweza kuyarekebisha wala kuanzisha mapya. Ada ya mwaka, kwa hiyo, ni kama kodi ya shamba bondeni: aliyekodi anaweza kuvuna mpunga na mahindi vizuri kabisa, lakini hapandi michikichi, maana mwenye shamba ndiye anayejua ya mwakani. Na mambo yanayoweza kukata malipo au mtandao huku kwetu si ya kubuni. Tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini, na haikurudi hadi tarehe 19 Januari 2019. Mwanzoni mwa 2025, Goma ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23 mwezi Januari na Bukavu mwezi Februari, benki za miji hiyo zilifunga milango. Mtu ambaye ada yake iliisha wiki hizo alikuwa na fedha na kompyuta, lakini hakuwa na njia ya kulipa.

Kuna anayesema: basi ninunue mara moja, niachane na ada. Njia hiyo ipo. Oktoba 2024 Microsoft ilitoa Office 2024 kwa matumizi ya nyumbani, ikiuzwa wakati huo nchini Marekani kwa dola 149.99, kwa kompyuta moja. Ni afadhali kuliko ada kwa yule anayetaka Word na Excel kamili na hataki kulipa kila mwaka. Lakini nayo haidumu kama inavyodhaniwa. Office 2016 na Office 2019, ambazo watu walizinunua kwa mtindo huohuo, ziliacha kupewa masahihisho ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Hazikuzimika siku hiyo, ila kila udhaifu utakaogunduliwa ndani yake tangu hapo utabaki wazi. Na kompyuta ikiibiwa au ikiungua kwa umeme ulioruka, itabidi kuhamishia leseni kwenye nyingine, kazi inayohitaji akaunti, nenosiri na mtandao.

Programu ya bure inaleta shaka ya aina nyingine: cha bure si kitatoweka kesho? Historia inajibu vizuri. LibreOffice inatokana na StarOffice, programu ya kampuni ya Kijerumani ya Star Division, iliyonunuliwa na Sun Microsystems ya Marekani mwaka 1999. Mwaka uliofuata Sun iliweka wazi msimbo wake, ikazaliwa OpenOffice. Sun yenyewe iliponunuliwa na Oracle mwaka 2010, wengi wa waandishi wa programu waliingiwa na wasiwasi, wakachukua msimbo uleule na kuendelea nao kwa jina la LibreOffice chini ya wakfu wenye makao yake Berlin. Kwa maneno mengine, kampuni mbili zilizoimiliki zimenunuliwa, na programu bado ipo, kwa sababu leseni yake inamruhusu yeyote kuichukua na kuiendeleza. Waswahili nasi tuliitumia ruhusa hiyo: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu hiyo. Kwa nyumba ya Kiringye, leseni hii ina faida iliyo karibu zaidi. Faili la kuisakinisha kwenye Windows lina ukubwa wa megabaiti 350 hivi. Mtu mmoja mwenye mtandao mzuri Uvira anaweza kulipakua mara moja, akalibeba kwenye fleshi, na kijiji kizima kikaliweka bila kununua mega hata moja na bila kuvunja sheria yoyote.

Pingamizi la kwanza linahusu ubora. Husemwa kwamba programu ya bure ni ya maskini na haiwezi kazi nzito. Jandarmeri ya Ufaransa haikufikiri hivyo: mwaka 2005 ilianza kuhamia OpenOffice, na kompyuta zake ni za kuhesabiwa kwa makumi ya maelfu. Aprili 2024 serikali ya jimbo la Schleswig-Holstein, Ujerumani, iliamua kuhamisha kompyuta kama 30,000 kwenda LibreOffice. Haki inataka tutaje na mfano unaopinga: jiji la Munich, baada ya kutumia programu huria kwa miaka mingi, liliamua mwaka 2017 kurudi kwenye Windows. Lakini jiji lina idara nyingi, mifumo ya kodi na vibali inayotegemeana, na mafaili yanayozunguka kwa maelfu ya watumishi. Nyumba haina mzigo huo. Kinachoandikwa nyumbani ni barua, ripoti, orodha ya wadeni, bajeti ya harusi, na TFC yenye tanbihi na jedwali la yaliyomo. Hayo yote LibreOffice inayafanya kikamilifu.

Pingamizi la pili lina ukweli zaidi: faili lililoandikwa kwenye Word likifunguliwa kwenye LibreOffice huweza kuvurugika, kurasa zikasogea na majedwali yakapinda. Mara nyingi chanzo chake ni herufi. Kwa miaka mingi Word ilitumia herufi za Calibri, na matoleo mapya yanatumia Aptos. Kompyuta isiyo na herufi hizo huweka nyingine mahali pake, na ikiwa upana wake haulingani, mstari hukatikia pengine na ukurasa mzima husogea. LibreOffice huja na Carlito, iliyopimwa ilingane na Calibri kwa upana, na Liberation Serif inayolingana na Times New Roman. Kwa hiyo anayeandika TFC kwa Times New Roman hapati shida kubwa. Faili la kusomwa tu, kama barua ya kuomba kazi, litumwe kama PDF, ambayo LibreOffice huitoa moja kwa moja na haibadiliki popote itakapofunguliwa. Faili ambalo mwalimu atalirekebisha lihifadhiwe kama docx. Nakala yako ya kudumu ibaki katika mfumo wa odt, uliotambuliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2006 na usio chini ya kampuni moja. Palipo na ugumu wa kweli ni kwenye Excel: makro zilizoandikwa kwa ajili yake, au majedwali yanayovuta takwimu kwa Power Query, mara nyingi hayafanyi kazi kwingine. Mhasibu wa shirika anayepokea mafaili ya namna hiyo asijitese. Huyo ana sababu ya kulipia, na afadhali shirika lenyewe limlipie.

Pingamizi la tatu ni la wazazi: matangazo ya kazi za mashirika yanadai ujuzi wa Word na Excel, sasa mtoto akijifunza LibreOffice si atakuwa amepotea? Hofu hii inaeleweka, lakini inachanganya ujuzi na chombo. Anayejua kupanga vichwa vya habari kwa mitindo ili jedwali la yaliyomo lijitengeneze, anayejua kupanga safu na kuandika kanuni, ameshajifunza sehemu ngumu. Katika Calc ya LibreOffice iliyowekwa kwa Kifaransa, kanuni ni SOMME, MOYENNE na SI, sawasawa na Excel ya Kifaransa inayokutwa kwenye ofisi za Uvira. Kinachobaki ni kuzoea mahali vitufe vilipo. Kwa hilo, siku chache kabla ya mtihani wa kazi, Word na Excel za mtandaoni hutumika bure kwa akaunti ya Microsoft, na zile za simu huruhusu kuandika na kurekebisha kwenye skrini ndogo bila ada. Hakuna haja ya kulipia miaka mitatu ili kujiandaa na mtihani wa saa moja.

Pingamizi la nne ndilo ninalolipa uzito zaidi. Microsoft 365 humpa kila mtumiaji terabaiti 1 ya hifadhi ya mtandaoni. Mahali ambapo Mto Mulongwe ulifurika Aprili 2020 na kubomoa nyumba za Uvira, na ambapo familia hulazimika kukimbia vita na kuacha kila kitu, nakala iliyo mbali na nyumba ni ulinzi wa kweli. Lakini tuangalie mahitaji. Terabaiti 1 ni hifadhi ya video na picha; maandishi hayachukui nafasi hiyo. Akaunti ya bure ya Google ina gigabaiti 15, ile ya Microsoft ina 5, na barua au TFC isiyo na picha nyingi haifiki hata megabaiti moja. Maandishi ya familia ya miaka mingi yanaenea humo bila kulipa chochote. La muhimu ni kuyatuma huko kila mtandao unapopatikana, na nenosiri kujulikana na zaidi ya mtu mmoja nyumbani. Kuandikia moja kwa moja kwenye Google Docs ni jambo jingine: ni huduma nzuri, lakini bila mtandao inafanya kazi tu ikiwa uliitayarisha mapema kwenye kivinjari, kwa hiyo isiwe chombo chako pekee.

Kuna njia nyingine ambayo haitajwi hadharani, ingawa imeenea: Office ya wizi, inayowekwa na fundi kwa franka chache na kuitwa ya bure. Watu huiona kama suala la maadili linalohusu kampuni za mbali tu, wakasahau hatari iliyo karibu. Ili Office hiyo ifunguke, fundi huendesha kiprogramu cha kuvunja leseni, na mara nyingi huanza kwa kuzima kinga ya virusi. Desemba 2021 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Red Canary ilieleza kwamba visakinishi bandia vya KMSPico, kiprogramu kimoja maarufu cha kazi hiyo, vilikuwa vimebeba kirusi kiitwacho Cryptbot, kinachoiba manenosiri na taarifa za akaunti. Simu ikipotea unajua imepotea. Nenosiri likiibiwa hivi hujui hadi fedha zitoke. Programu iliyo halali na ya bure ikiwepo, sioni sababu ya mtu kuingiza mwizi nyumbani ili aokoe fedha ambazo hakutakiwa kuzilipa.

Uamuzi wangu kwa nyumba ya kawaida ya Kiringye ni huu. Weka LibreOffice kama chombo cha kila siku, kutoka kwenye faili lililopakuliwa katika tovuti yake yenyewe. Kompyuta yako ikiwa bado ina Windows 7 au 8, chukua toleo lisilozidi 25.2, kwa kuwa kuanzia 25.8 Windows hizo haziungwi mkono tena. Fungua akaunti moja ya bure ya hifadhi ya mtandaoni, na tumia Word ya mtandaoni pale mtu mwingine anapoidai. Lipia Microsoft 365 ikiwa tu kazi inayokulisha inategemea faili ambalo LibreOffice imeshindwa kulifungua sawasawa, na umelijaribu mwenyewe. Kwa wengine wote, dola zile mia zina kazi bora zaidi: betri nzuri ya kompyuta, au paneli ya jua ya kuichaji.